Nyuzi Mbili Nilizoziongeza

Kwedizinga, Handeni
Jumatano, baada ya mvua ya kwanza

Kwa dada yangu Mwanaidi, huko nyumbani Kerenge.

Shikamoo dada. Na shikamoo ya pili nakupa kwa niaba ya Zaina, maana yeye leo siku ya tatu hasemi na mimi, na sitaki udhani amekusahau. Mguu wako umepungua ule uvimbe? Shemeji kifua kimelegea? Niambie ukweli. Barua iliyopita uliniandikia "sote wazima," halafu watu wa lori wakaniambia ulilala siku tisa hunywi hata uji. Usinifanyie hivyo, dada. Mtu wa mbali akidanganywa anakuwa mbali zaidi.

Sisi huku mwili upo. Baba Zaina mzima, zamu yake ni kupanda mahindi ya shamba la pamoja, anarudi na matope mpaka masikioni. Mama mkwe bado yuko kitandani, upande wa kulia hausogei, namlisha kwa kijiko na kumgeuza mchana mara tatu. Kwa hiyo siwezi kutoka hapa, kumbuka hilo, maana mbele nitalirudia.

Barua hii isome mwenyewe. Najua na wewe kisomo chako hakijafika mbali, lakini soma pole pole, hata ukimaliza kwa siku mbili. Usimpe mtu akusomee. Mwalimu wetu wa kisomo anasema naandika kama ninavyopayuka, niwe naweka nukta. Nimeweka. Pale utakapoona nimesahau ujue nilikuwa nalia.

Dada, nimemtendea mtu ubaya. Nataka nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka nilikuambia bwawa letu halitoshi. Tulipohamishiwa hapa tulikuwa nyumba chache, sasa tumefika themanini na nne, na ng'ombe, na bwawa ni lile lile. Kiangazi kilichopita tulikuwa tunakwangua matope kwa kata. Basi amri ikaja kwamba kijiji kigawanywe. Nusu tubaki hapa, nusu waende ng'ambo ya korongo, karibu na barabara ya kwenda Korogwe, kumechimbwa kisima. Nyumba arobaini na mbili huku, arobaini na mbili kule. Kutoka hapa mpaka kule ukiondoka baada ya chai unafika adhuhuri, na korongo likijaa masika hufiki kabisa, mpaka maji yapungue, na huwa ni wiki nzima.

Akaletwa bwana mmoja wa mipango kutoka wilayani, anaitwa Mwakalinga, mtu wa Tukuyu, mpole, ana miwani. Siku ya kwanza alikuja na karatasi, amechora mstari katikati ya kijiji kama anayekata sabuni. Wa mashariki waende, wa magharibi wabaki. Nikamwambia, "Bwana, mstari wako huo unapita kati ya mimi na jiko langu." Watu wakacheka, lakini ilikuwa kweli, jiko liko ng'ambo ya njia. Na mstari huo ulitenga watu wanaokula chungu kimoja, na ukaweka pamoja wale ndugu wawili waliopigana mapanga kwa ajili ya mpaka.

Akavua miwani, akasema, "Basi mama, nifundishe. Nani hawezi kuishi bila nani?"

Wakanichagua mimi, kwa kuwa ni kiongozi wa akina mama na mguu wangu umefika kila nyumba, kwenye uzazi na kwenye msiba. Tukatandika jamvi ndani ya ghala la mbegu. Kila nyumba tukaipa gunzi la mahindi moja. Halafu kila nyumba mbili ambazo haziwezi kumaliza wiki moja bila kuhitajiana, tukazifunga uzi wa katani, gunzi kwa gunzi. Uzi mmoja tu, hata kama wanahitajiana kwa mambo kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na niliikubali mbele za watu. Wanaokula pamoja kabisa, baba na wanawe, magunzi yao tukayafunga yakawa furushi moja, maana hao hakuna wa kuwatenga. Katikati ya jamvi tukaulaza mchi wangu wa kutwangia. Upande huu wanaobaki, upande ule wanaokwenda. Kila uzi unaopita juu ya mchi ni watu tutakaowatenganisha. Kazi ilikuwa kutafuta namna ya kupanga magunzi ili nyuzi za juu ya mchi ziwe chache.

Nyuzi zote alizisokota Mzee Maganga. Huyu humjui, nikueleze. Ni Mnyamwezi, alikata mkonge huko kwenu Korogwe tangu ujana mpaka mgongo ukakataa, mkewe akafia huko huko kambini, watoto hawakupata. Ujamaa ulipoanza akaja kuomba nyumba kwetu. Jirani yake wa karibu ni mimi, kila asubuhi anakuja na kigae kuchukua moto jikoni kwangu. Na kila asubuhi ananitukana. Wewe unajua Mnyamwezi na Mzigua. Ataingia aseme, "Hodi hapa kwa watu ambao babu zao walijiuza kwa kibaba cha mtama! Leo mmeuza nani?" Na mimi namjibu, "Chukua moto upite, mpagazi, mzigo wako umeuacha wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu miaka yote. Siku moja nilikuwa na homa sikumjibu, akaenda kumwita Baba Zaina shambani, akisema, "Njoo, mkeo anakufa, amenyamaza."

Basi tukafunga nyuzi siku nne. Bwana Mwakalinga alinifundisha mambo, dada, na mimi nikamfundisha. Siku ya kwanza akasema, "Tukitaka kukata nyuzi chache tu, bila kujali kingine, jibu ni rahisi." Akauchukua mchi akaulaza karibu na gunzi la Maganga. Uzi mmoja tu ulipita. Wa kwangu, wa moto. Kijiji kimoja nyumba themanini na tatu, na kingine nyumba moja!

Tulicheka mpaka vumbi la ghala likapanda. Maganga akasimama, akakohoa kama mkubwa, akasema, "Ndugu wananchi. Mimi ni mwenyekiti, ni katibu, na ni mjumbe wa nyumba kumi yenye nyumba moja. Mkutano nimeufungua. Wazigua wasiingie, wataniuza."

Bwana Mwakalinga naye alicheka, ila akasema ndiyo maana lazima pande zilingane, la sivyo mnyonge ndiye atatupwa kila mara, kwa kuwa kumtupa ni rahisi. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya. Nakuandikia ujue niliyasikia.

Tukaanza. Unachukua gunzi la huku na gunzi la kule, unayabadilisha, unahesabu nyuzi za juu ya mchi. Zikipungua unaacha, zikizidi unarudisha. Asubuhi mpaka alasiri. Mgongo uliniuma lakini nilipenda, sikufichi. Mimi niliyeacha shule darasa la pili kwenda kulea, nikawa namwambia mtu wa wilayani, "Hapana, hilo ukilihamisha linavuta na furushi lile," na ananisikiliza.

Ila Zaina, dada. Zaina akawa ananikaa rohoni.

Ndugu za mumewe Athumani wote walikuwa wameangukia upande wa ng'ambo, furushi la baba mkwe na nyumba za shemeji zake wawili. Hizo ni nyuzi tatu kule. Huku kwetu Zaina alikuwa na nyuzi mbili, wa kwangu mimi, na wa yule rafiki yake wanayesaidiana kuchota maji. Mbili huku, tatu kule. Ukimhamisha unakata mbili unaokoa tatu. Hata mtoto wa kisomo angeona. Na mimi niliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na Zaina ana mimba, ya pili. Ya kwanza unajua ilivyokwenda. Nilikuwa huko kwako Kerenge tukichuma kunde, tunacheka, na mwanangu anamwaga damu sakafuni peke yake. Sijawahi kukuambia kwamba tangu siku ile kunde hazipiti kooni kwangu. Mwanamke wa kwetu mimba analelewa na mama yake, na mimi sikuwepo. Nikaapa ya pili nitakuwepo.

Wanaume walipokwenda kuswali adhuhuri nilibaki ghalani kufagia. Nikachukua nyuzi mbili kwenye fungu la Maganga, nikazifunga juu ya uzi wangu na wa Zaina. Zikawa tatu kati ya gunzi langu na lake. Mikono yangu ilikuwa myepesi, dada, kama naokota kuni.

Jioni ya siku ya nne ng'ambo palipungua nyumba moja. Bwana Mwakalinga akahesabu kila gunzi la huku, lipi likienda hasara itakuwa ndogo. Yakabaki mawili. La Zaina, unakata nne unaokoa tatu, hasara moja. La Maganga, unakata mmoja, huokoi kitu, hasara moja. Yamelingana. Akaniangalia.

"Mama, wewe ndiye unayewajua. Yupi?"

Maganga mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni anasokota. Nikasema, "Huyu ana mimba. Maganga hana mtu. Uzi ule wa moto ni wangu, ukateni, moto atapata hata kule."

Maganga hakunitukana. Aliacha tu kusokota. Akakusanya katani yake akaondoka, na mimi nikajiambia amechoka.

Alikwenda na lori la kwanza. Alikuwa na godoro la majani, sufuria mbili na kile kigae. Sikutoka kumuaga. Nilikuwa namgeuza mama mkwe, ndivyo nilivyojiambia, lakini ningeweza kutoka.

Haikupita wiki mbili akafariki mama yake mwenyekiti wetu Mzee Seifu. Bibi mkubwa, mcheshi, aliyekuwa anafukuza kuku kwa fimbo huku anawaita majina ya wakwe zake. Tukamwosha, tukamkafini, kila kitu kwa taratibu. Wanaume wakafika kuchukua jeneza. Na hapo watu wakasimama. Wanatazamana. Hakuna aliyejua wanangoja nini, mpaka mzee mmoja akauliza, "Mtani yuko wapi?"

Dada, hapo ndipo nilipokumbuka. Huku kwetu tulikuwa na mtani mmoja tu, Maganga. Kule ng'ambo wamekwenda Wanyamwezi wengine nyumba mbili, walioa kwa wale wakwe wa Zaina. Huku alikuwa yeye peke yake. Msiba wa baba mkwe wangu ni yeye aliyelala njiani mbele ya jeneza akikataa lisipite mpaka apewe jogoo, watu wakacheka huku wanalia, na ule mfupa uliokwama kooni ukashuka. Msiba wa mtoto wa Hadija ni yeye aliyembeba Hadija mgongoni kama gunia, akisema mzigo ndio kazi ya kabila lake, mpaka Hadija akacheka na kukubali kula. Hakuna nyumba ya Mzigua hapa ambayo hajaifutia machozi kwa matusi yake. Na mimi ninayejua kila nyumba, niliyehesabu nani anachota maji na nani, nani analisha mbuzi wa nani, sikumfungia hata uzi mmoja wa utani. Si mimi tu, hakuna aliyekumbuka. Kwetu mtani si wa kuhesabiwa, yupo tu. Na yule Bwana Mwakalinga angejuaje? Yeye alisikia matusi, akadhani tunavumiliana.

Wakamtuma mtu kwa baiskeli. Maiti ikangoja, jambo lisilopendeza kabisa. Maganga akafika alasiri, jasho linamtiririka. Watu wakamfungulia njia, wakimtazama kama watu wenye kiu. Mzee Seifu mwenyewe akamtupia kanga ya marehemu avae, aige kikohozi chake na fimbo ya kuku.

Maganga akaipokea kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkeka. Akatoa mkono. "Poleni kwa msiba," akasema. Kisha akaenda kukaa kule nyuma, pamoja na wageni wa vijiji vingine.

Mzee mmoja akamfuata. "Mnyamwezi, vipi? Unatuacha hivi?"

Akajibu kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu na mtungi wa maji nikasikia. "Mimi sina mtu hapa. Niliambiwa."

Tukazika. Hakuna aliyecheka. Vilio havikukatika mpaka jua linashuka, na mwenyekiti akarudi nyumbani amejikunja kama mtu aliyepigwa. Unajua mimi nimezika wengi, dada. Sijaona msiba uliobaki wazi namna ile.

Kesho yake wazee wakamwita Bwana Mwakalinga wakamweleza utani ni kitu gani. Alishika kichwa. Tukaenda ghalani, na safari hii tukamfungia Maganga nyuzi za utani kwa kila nyumba ya Mzigua upande wetu. Gunzi lake likavimba nyuzi mpaka halionekani, kama kichwa cha bibi kizee. Akarudishwa upande wa huku bila ubishi.

"Lakini akirudi mmoja, lazima aende mmoja," Bwana Mwakalinga akasema. "Bwawa halijui utani."

Akaanza kuhesabu upya. Hili hasara tano. Lile nne. Akafika kwa Zaina, hasara moja, ndiyo ndogo kuliko zote. Nikafunga macho. Mwenyekiti Seifu, yule yule ambaye amezika mama yake jana, akasema, "Huyo mwacheni. Ana mimba, na tazama, ana nyuzi tatu na mama yake. Hatuwezi kukata tatu za mzazi. Chukueni inayofuata."

Inayofuata ilikuwa nyumba ya Hadija. Hasara mbili. Hadija yule aliyefiwa na mtoto, ana wengine wanne, na anayemlelea akiwa shambani ni dada yake aliye huku. Bwana Mwakalinga akainua gunzi la Hadija. Lilikuwa jepesi, dada, gunzi dogo la mahindi ya kiangazi. Akaanza kulipeleka ng'ambo ya mchi.

Nikasema, "Subiri."

Nikapiga magoti kwenye jamvi. Mafundo yangu ya haraka yalikuwa yamekaza, nikayafungua kwa meno. La kwanza, la pili. Nikaziweka nyuzi mbele yao. Nikasema, "Hizi niliziongeza mimi mlipokwenda kuswali. Mwanangu ana uzi mmoja na mimi, kama watu wote."

Bwana Mwakalinga akahesabu, taratibu, kama anayetamani hesabu ikosee. "Mbili huku, tatu kule. Akienda, nyuzi zinapungua." Akavua miwani. "Mama, huyu alikuwa aende tangu siku ya kwanza. Maganga hakuwa na haja ya kuondoka."

Mwenyekiti akasimama. "Mama Zaina," akasema, "mama yangu amezikwa kama mgeni." Akatoka nje.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Sijatozwa faini, sijatolewa kwenye uongozi wa akina mama, ingawa nilitaka wanitoe. Bwawani wanawake wananisalimia, wanapokea salamu, basi. Hadija peke yake alikuja na bakuli la mlenda, akaliweka, akakaa kidogo, akaondoka.

Maganga amerudi juzi. Nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikasikia hatua zake, nikasimama na mwiko mkononi kama mjinga. Alikaa mlangoni kidogo na kile kigae chake. Kisha akasema, "Hodi. Nimesikia bei yangu imepanda. Mliniuza kwa uzi mmoja, mmeninunua kwa arobaini. Wazigua hamjui biashara hata kidogo."

Nilitaka kumjibu "mpagazi." Nikalia, nikalia mpaka nikakaa chini, na yeye akajichukulia moto wake mwenyewe. Akiwa anatoka akasema, "Na mafundo yako mabaya. Ungeniomba mimi nikufungie." Basi akaenda.

Sasa Zaina. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anapepeta mtama. Hakunyanyua uso. Aliuliza tu, "Kwa hiyo umenitoa?" Nikasema sikukutoa, hesabu ndiyo imekutoa, mimi nilikuficha nikashindwa. Akasema, "Mama, ulikuwa umeshanificha. Nani alikutuma unifichue?" Athumani amefurahi kwenda kwa ndugu zake, hilo halifichiki, anafunga mizigo huku anapiga mluzi. Wanaondoka Jumamosi na lori.

Najua wakwe zake watamtazama. Ni watu wema, sina neno nao. Lakini mama mkwe wake hajawahi kupokea mtoto, na damu ya Zaina mimi naijua, na wewe unaijua. Mwezi wake ni ujao. Masika imeshaanza kugonga, korongo jana lilifika magotini. Likijaa nitakuwa huku nasikia kwa watu, na huyu mgonjwa wangu kitandani siwezi kumwacha hata siku moja.

Dada, tulipokuwa tunahesabu, sisi tulihesabu nyumba za kijiji tu. Kerenge haikuwa kwenye jamvi. Kama ingekuwepo ningefunga uzi kutoka kwa Zaina mpaka kwako, wa kweli, si wa kuiba. Wewe una mkono wa kupokea watoto, umepokea nusu ya ukoo wetu. Na huko ng'ambo ni barabarani. Ukishuka Korogwe mjini unapanda basi la Handeni, unamwambia kondakta akushushe penye kisima kipya, watu wote wanapajua. Huvuki korongo lolote. Mimi mama yake niko mbali naye kuliko wewe. Njoo ukae naye mpaka ajifungue. Kama mguu bado, niandikie haraka, usiniambie sote wazima.

Na Zaina usimlazimishe anisamehe. Mwache. Mlishe tu.

Nisalimie shemeji, mwambie asivute ile tumbaku kwenye unyevu. Nisalimie kaka yetu mkubwa na mkewe. Nisalimie shangazi asiyeona, umwambie mtoto wa nduguye bado anaikumbuka sauti yake. Yule mwalimu wako wa kisomo mwambie asante, bila yeye mambo haya ningeyabeba peke yangu. Baba Zaina anakusalimu sana. Mama mkwe naye amefumba jicho moja nilipotaja jina lako, kwake hiyo ndiyo salamu. Na jirani yangu Maganga amepita hivi sasa, ameona naandika, anasema nikuandikie kwamba ndugu yako hajui kufunga fundo.

Ndani ya bahasha utakuta uzi wa katani. Huo si ule wa kuongeza, hizo mbili nimezitia motoni. Huo ni ule mmoja wa halali, wangu na Zaina. Nimeukata mwenyewe pale ghalani mbele yao, na nusu ninayo hapa, nimeifunga kwenye kitanda cha mama mkwe ambako naiona ninapomgeuza. Hiyo yako njoo nayo. Mtoto akitoka, ufungie kitovu.

Mimi mdogo wako anayekutegemea,

Mwantumu, mama yake Zaina